Ng'ombe Aliye na Mwenyewe

Nilipostaafu ualimu nilichora picha. Niliichora kwenye karatasi ya manila, ya aina ile ile niliyokuwa nikichorea figo na moyo darasani, kwa kalamu za rangi nne. Ilikuwa picha ya duara. Kuku anatoa samadi, samadi inakwenda kwenye mchicha, masalia ya mchicha yanakwenda kwa bata, bata anakula konokono wanaokula mchicha, na mishale inazunguka hivyo hivyo bila kitu kupotea. Katikati nikamweka ng'ombe. Haya yote niliyapata kwenye semina ya siku tano, ambapo mkufunzi alituambia kwamba shamba la namna hii likishasimama, mwenyewe anabaki kukaa kivulini na kuvuna. Nilimwamini. Nilikuwa nimefundisha baiolojia miaka ishirini na saba na sikukumbuka lini nilikaa kivulini.

Picha nikaibandika ukutani barazani. Mama yangu, ambaye mwaka huo alikuwa amekubali kuhamia kwangu, aliitazama kwa utulivu, akafuata mishale kwa kidole mmoja mmoja mpaka akarudi alipoanzia.

"Na mie niko wapi hapo?" akauliza.

Ndipo nilipoona kwamba sikuchora mtu hata mmoja.

Shamba lenyewe ni ekari mbili, Pongwe, marehemu baba alituachia likiwa na minazi michache iliyozeeka na nyasi zinazofika kiunoni. Mama alikuwa akiishi mjini, Chumbageni, kwenye nyumba yenye ua, katika mtaa ambao watu hufuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya jiko na hakuna anayeona ajabu. Magoti yalipoanza kumsumbua nikamwomba aje tukae pamoja. Alikuja na gari la mizigo lililobeba kitanda chake, majamvi mawili, mbuzi yake ya kukunia nazi, na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nilimfurahia yule mtamba kuliko nilivyomfurahia mama, na naliandika hili kwa sababu baadaye lilinitokea puani.

Kabla sijamfikisha bandani, mama alinishika mkono. "Mfuge vizuri," akasema. "Lakini ujue, huyu ana mwenyewe."

"Najua, mama," nikasema.

Nilidhani najua. Kwetu kitu kikiwa na mwenyewe maana yake ni cha mtu mwingine, kiangalie lakini usijipe madaraka nacho. Na katika nyumba yetu mtu mwingine alikuwa mmoja tu, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alikuwa ameondoka miaka tisa nyuma kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa, kisha Idi kwa Idi, kisha kimya. Mama alibaki na ile simu yake ya vitufe, maana ndiyo namba aliyoijua mwanawe, na kila mwezi aliitia vocha isije ikafungwa. Hakumpigia mtu kwa simu hiyo. Ilikaa juu ya kabati imewashwa, ikingoja.

Kwa hiyo nikapiga hesabu yangu. Ng'ombe ni wa mdogo wangu, mdogo wangu hayupo, basi ng'ombe ni wangu. Hesabu za aina hii watu wa familia moja tunaziweza sana.

Nikaanza kilimo. Kuku walipaswa kuparura magugu na kula wadudu. Waliyaacha magugu, wakaparura miche ya bilinganya niliyoiotesha kwa wiki sita, na kazi hiyo waliimaliza kabla sijanywa chai ya asubuhi. Bata walipaswa kula konokono. Wakaonja mmoja, wakatazamana, wakahamia kwenye figili. Nyuki niliowatundikia mzinga kwenye mnazi hawakuja kabisa, na mzinga wakauhamia mchwa. Jirani yangu wa upande wa chini, Mshambaa wa makamo, Mlutheri, ambaye baba yake alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge akabaki huku huku, alikuwa akija kuegemea senyenge na kutazama.

"Mwalimu," aliniuliza siku moja, "hiki kilimo chako ulisema kinaitwaje?"

"Kilimo cha kudumu."

"Cha kudumu." Akazitazama zile figili. "Hapo kilichodumu ni kipi?"

Mimi ni Mdigo na yeye ni Mshambaa, kwa hiyo tuna utani, na nilimjibu kama mtani anavyojibiwa. Nikamwambia yeye na ukoo wake walishuka mlimani kwa sababu baridi iliwagandisha akili, na mahindi yake yamesimama mistari kama wanafunzi waliofanya makosa. Akacheka, akaenda zake. Lakini nilibaki na hasira, si kwake, kwa bata.

Aliyeniokoa ni ng'ombe. Banda lake nilikuwa nimelijenga mahali penye mteremko, sakafu ya zege, na mkojo ukawa unatiririka mpaka kwenye shimo la mboji. Mboji ikaenda kwenye matuta ya mchicha, bamia na nyanya chungu. Kwenye makinga maji nikapanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, nayo yakarudi kwenye hori lake. Mwaka wa pili udongo ule wa kichanga ukaanza kubadilika rangi. Ukiufinyanga unashikana. Nilikuwa nikiuchukua mkononi na kuunusa, mwanamke mzima, mstaafu, na mara mbili mama alinifumania. Siku jirani yangu alipokuja na toroli kuomba samadi, akiwa ameangalia pembeni kama mtu anayeomba chumvi, nilimjazia mpaka ikamwagika. Ilikuwa moja ya siku nzuri za maisha yangu.

Mtamba alipofikia umri nikamwita mtaalamu wa uhamilishaji. Alikuja na pikipiki, mtungi wake wa mbegu nyuma, na ile glovu inayofika begani. Alikuwa akinawa mikono kwenye ndoo, kazi imekwisha, mama alipotokea jikoni na mwiko wa pilau mkononi.

"Mnamfanya nini?"

"Tumempandisha, mama. Tukijaliwa tutapata ndama."

"Aka!" Mwiko ukashuka. "Umempandisha ng'ombe wa nadhiri?"

Mtaalamu akafuta mikono polepole, akatutazama kwa zamu.

Mama akakaa kwenye gogo pale nje ya banda, akaeleza, na alieleza kwa sauti ya mtu anayerudia jambo ambalo lilikwisha elezwa. Mwaka ule simu za mdogo wangu zilipokatika, mama aliweka nadhiri: akijaliwa kumpata mtamba, basi siku mwanawe atakapoingia mlangoni kwake kwa miguu yake, mnyama huyo atachinjwa na nyama yote wapewe maskini. Mtamba akapatikana. Kilichobaki ni mwana.

"Mie si nilikwambia ana mwenyewe?"

"Nilidhani unamsema mdogo wangu!"

"Mdogo wako?" Mama alinishangaa kwa dhati. "Mdogo wako tangu lini akawa na ng'ombe? Mwenyewe ni Mungu."

Tukaenda kwa maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, mtu mpole ambaye nilimfundisha kidato cha pili na hakuwa na mapenzi na baiolojia. Alimwamkia mama, akaniamkia mimi, akasikiliza mpaka mwisho. Mama aliuliza kuhusu nadhiri yake. Mimi niliuliza kuhusu maziwa, ndama, na samadi.

"Samadi?" akasema maalim.

"Samadi ni ya nani?"

Alijitahidi asicheke mbele ya mama. "Samadi chukua, mwalimu. Hilo nalibeba mimi."

Hayo mengine akataka muda akaangalie kitabu. Baada ya wiki akaja mwenyewe nyumbani. Alisema wanavyuoni wana maneno mengi humo na yeye anachukua njia ya tahadhari. Nadhiri imening'inia kwenye sharti. Kijana hajarudi, ng'ombe bado ni wa nyumba hii, ila asiuzwe. Kijana akirudi, ng'ombe si wa nyumba hii tena. Ndama akiwa amekwisha zaliwa kabla ya hapo, ndama ni wenu. Akiwa bado tumboni, anamfuata mama yake, naye ni wa maskini. Mtangoja azaliwe na aachishwe ziwa, na maziwa yatakayomzidi ndama mnaweza kunywa, kisha nadhiri itimizwe. "Na nyama yake nyinyi wa nyumba hii msiionje. Hata mchuzi," akamalizia.

Mama aliinamisha kichwa, ameridhika. Mimi nilikuwa nimeshika neno moja tu, kabla. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa. Mdogo wangu alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja bila kurudi, na sikuona kwa nini asingeweza kuongeza miezi tisa.

Sikulisema hivyo mara moja, hata moyoni. Mwanzo nilisema tu kwamba ingekuwa vizuri mambo yakaenda kwa utaratibu. Kisha nikawa nahesabu. Kwenye kalenda ya jikoni nilitia alama siku aliyopandishwa, na kila mwisho wa mwezi nilipokata mwezi mmoja nilipumua. Ikinguruma pikipiki barabarani nilikuwa nachungulia, na ikipita nilirudi kwenye matuta yangu kwa amani. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nilihitaji mdogo wangu awe hai, mzima, mwenye afya, na mbali.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri mama aliniita chumbani kwake aombe dua na mimi niitikie. Aliomba arudishiwe mwanawe. Nilikuwa naitikia amin. Lakini kimoyomoyo niliongezea kipande changu, baada ya ndama, na nilikiongezea haraka haraka ili kiwahi kwenda juu pamoja na amin ya mama. Nimesoma sayansi na sijui dua hupokewaje huko. Ila najua nilichokuwa nikifanya, na nilikuwa naona haya mpaka Jumamosi.

Wakati huo huo mama na yule ng'ombe hawakuachana. Alimtoa kupe kwa mikono yake. Alimwekea pumba zilizolowekwa, akamsugua kwato, akamkagua macho na meno. Nilidhani amempenda, nikafurahi, nikasema labda moyo wake unalegea. Nilipomwambia hivyo alinitazama.

"Ng'ombe wa nadhiri hatakiwi kuwa na kilema wala kukonda," akasema. "Unampa Mungu mifupa?"

Kwa hiyo tulikuwa tukimlisha ng'ombe mmoja, mama upande wa hori kwa dua yake na mimi upande wa pili kwa yangu. Alinenepa sana. Jirani alikuja kumtazama, akasema hajawahi kuona mnyama anayetunzwa hivyo, na kwamba sisi Wadigo tunajua kupenda.

Mimba ilikuwa na miezi minane. Ilikuwa Jumanne, baada ya Adhuhuri, jua kali. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi barazani akipukuchua kunde. Mimi nilikuwa bandani na uma wa samadi. Nikasikia lango la senyenge likivutwa, nikageuka. Akasimama mwanamume mwembamba, kofia mkononi, begi moja begani, mvi kwenye kidevu. Ile simu juu ya kabati haikuwa imelia. Alikuwa ameelekezwa na majirani wa Chumbageni, akashuka kwenye basi na kuulizia njia.

Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama, mguu mmoja mbele, kama alivyokuwa akisimama utotoni akijua amekosa. Nilimtambua kabisa. Na kabla ya kulitaja jina lake, kabla ya kutupa uma, niligeuza shingo nikamtazama ng'ombe. Nilitazama tumbo lake. Nikasema ndani ya roho yangu, wiki tano, ungengoja wiki tano tu.

Kisha nikapiga kelele na kukimbia kama dada anavyokimbia.

"Shikamoo, dada," akasema. Alinuka safari. Alikuwa mwepesi mno nilipomkumbatia, mabega yake yalinichoma. Mama hakukimbia, magoti hayakumruhusu. Alisimama barazani na kunde zikamwagika kwenye jamvi, akangoja mwanawe amfikie, avuke kizingiti cha mlango kwa miguu yake mwenyewe. Ndipo akamshika uso.

Hakutuambia mengi kuhusu miaka ile, na hatukumchimba. Alikuwa amefungwa kwa muda, alikuwa ameumwa, alikuwa ameona haya. Alikula kidogo na kulala sana. Ndama alizaliwa baada ya wiki tano, jike, mzuri, na mama yake akawa na maziwa mengi kuliko ndama alivyoweza kunyonya. Yaliyozidi tulimpa mdogo wangu, bilauri asubuhi na bilauri jioni. Akaanza kushika mwili. Akaanza kutoka nje, kisha kukata mabingobingo, kisha kukamua. Alisema ng'ombe yule ana macho ya mtu anayesikiliza. Alimsimulia mambo bandani ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia. Nilipita mara moja na ndoo nikakuta analia, kichwa amekiweka kwenye ubavu wa ng'ombe, nikarudi nyuma kimya kimya.

Hakuna aliyemwambia. Mama alisema nadhiri ni yake yeye na Mungu wake, haina haja ya kutangazwa. Mimi sikusema kwa sababu nilitumaini. Nilikwenda tena kwa maalim, peke yangu, nikauliza kama ng'ombe mwingine hawezi kuchinjwa badala yake, mkubwa zaidi hata. Nilimweleza kuhusu udongo. Alinisikiliza kwa huruma, akasema mnyama aliyetajwa ndiye huyo.

Ndama alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa mjane mmoja nyuma ya msikiti. Siku ya pili yake wakaja wanaume na kamba, na mdogo wangu aliyajua yote kutoka kwa jirani, aliyedhani anampongeza. Alimfuata mama jikoni. Nilikuwepo, nachambua mchele.

"Mama," akasema, "kwa ajili yangu? Mimi sina thamani hiyo."

"Mie sikukuuliza thamani yako," mama akamjibu. "Kaa ule."

Nyama ikagawiwa kuanzia msikitini mpaka kule kwenye vibanda vya wakata mkonge wa zamani, kwa Waislamu na wasio Waislamu, na moshi wa nyama ukaja kwetu kutoka kila upande. Jirani alipata fungu, akawa anaona haya kupika. Sisi tulikula kunde na samaki wa kukaanga. Mdogo wangu hakugusa hata hizo kunde. Mimi nilikula, maana nilikuwa nimepanda mwenyewe, na zilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Banda likabaki limefagiliwa. Kuku wakahamia humo bila kuulizwa.

Yapata wiki moja baadaye tulikuwa tumekaa barazani mimi na mama, tunakata bamia. Nilikuwa nalalamika, kwa sauti ya chini lakini nalalamika. Nilisema mboji iliyopo haitafika masika. Nilisema sijui nitaanzaje upya. Nilisema kuna watu wanadhani shamba linajiendesha lenyewe.

Mama alikata bamia yake ikaisha, akaweka kisu kwenye ungo.

"Miaka kumi na mmoja nilikuwa nakaa nikijiuliza siku akirudi atakuwaje," akasema. "Nilitaka nimwone tangu langoni, anavyokuja. Basi akarudi, na mie nikamwona wa pili. Wa kwanza nilikuona wewe, ukimtazama ng'ombe."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepata la kujibu, mimi kwenye hasira sishindwi. Alikuwa ananiambia tu kitu alichokipoteza. Nilitaka kumwambia ilikuwa dakika moja, hata dakika haikutimia, lakini dakika yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa akiisema.

Kutoka jikoni mdogo wangu akapaza sauti, akauliza sukari huwekwa wapi siku hizi. Mama alijua ilipo. Akachukua bamia nyingine, akangoja. Nikatua ungo chini, nikainuka, nikaenda kumwonyesha.